Inkokua Haionekani Kitengela

Taa ilikuwa juu ya ghorofa ya nne, imefungwa kwa nyaya kwenye ukingo wa paa, na uso wake umeelekezwa kwenye boma la Kuntai ole Mepukori kana kwamba ng'ombe ndio wezi. Watu wa ploti waliiita mulika mwizi. Kila jioni, jua likiwa halijamaliza hata kuzama, Kitonga, keateka aliyeajiriwa kutunza jengo lile, aliiwasha kwa swichi iliyokuwa chini ya ngazi, na boma lote likawa jeupe: samadi nyeupe, migongo ya ng'ombe nyeupe, mikono ya Kuntai mwenyewe nyeupe kama ya maiti. Jogoo wa mkewe, Resian, aliacha kujua saa. Aliwika watu wakila chakula cha jioni, akawika tena wakienda kulala, mpaka Resian akamchinja kwa hasira. Akanunua mwingine, naye akawa vilevile.

"Jogoo hana makosa," Kuntai alimwambia mkewe. "Amedanganywa tu."

"Na wewe unamtetea kwa sababu gani? Ni wa ukoo wenu?"

Kuntai alizaliwa kwenye uwanda huu huu, zamani ambapo kati ya mto wa Kitengela na Isinya hukuona mwanga wowote usiku isipokuwa moto wa boma moja hapa na jingine kule. Bibi yake, aliyekuwa mjane, alimkalisha nje wakati wa kukamua na kumwonyesha juu. Zile sita zinazofuatana kama ng'ombe waendao kunywa maji ni Inkokua. Waswahili huziita Kilimia. Nyuma yake wapo wazee watatu, na nyuma ya wazee wapo wajane watatu wanaowaandama ili waolewe. Bibi alipofika kwa wajane alicheka kila mara, mpaka maziwa yakamwagika kidogo kutoka kwenye kibuyu.

Baada ya kicheko likaja la maana. Inkokua ikionekana magharibi baada ya jua kutua, masika bado yana kitu tumboni. Kila jioni inashuka chini zaidi, inalifuata jua, mpaka siku inapokosekana. Hapo husemwa imekufa, na mvua imekwisha. Ndipo mifugo hushushwa bondeni kando ya mto, penye majani marefu, mahali ambapo hakuna mwenye akili anayelala kabla ya siku hiyo. Hakuna uganga ndani yake. Unatoka nje, unatazama, unasema ulichoona. Baba yake Kuntai ndiye aliyekuwa akitazama kwa niaba ya maboma yote ya upande ule, na alipokufa watu wakaanza kuja kwa Kuntai bila hata kuambiana. "Bado ipo?" waliuliza. Akiwaambia ipo, walirudi kwao. Akiwaambia imekufa, walifungua mageti ya miiba.

Kisha likaja neno la kugawana ardhi. Kila mtu na cheti chake, kila mtu na fensi yake. Kuntai naye aligawa, naye akauza, na katika hilo hakuna aliyemsukuma. Kipande cha kwanza kilimsomesha Nick, mwanawe. Cha pili kilijenga nyumba ya mawe ambayo Resian aliitaka. Cha tatu alikila tu, kama wenzake wote walivyokula. Walionunua nao wakakata vipande vyao vipande, mpaka mahali walipopita twiga pakawa na mlango wa chuma, na nyuma ya mlango huo mlango mwingine. Pundamilia waliokuja wakati wa mvua waligonga nyaya, wakarudi, na mwaka mmoja hawakuja tena, wala hakuna aliyeuliza wameenda wapi. Watu wa hapa hawaulizi mambo kama hayo. Wanauliza lami itafika lini.

Kipande cha tatu alikinunua Nzomo, Mkamba aliyestaafu kutoka kiwanda cha saruji. Mwanzoni alijenga chumba kimoja cha mabati, akapanda maharagwe, na jioni alikuja kunywa chai kwa Resian. Naye alizijua nyota zile. Kwao Mwala, mama yake alizingoja zichomoze mashariki jioni, na zilipochomoza alitaka mbegu zote ziwe zimeshaingia ardhini. Wawili hao waliketi nje na kubishana.

"Hao ni ng'ombe," Kuntai alisema.

"Ng'ombe gani? Hao ni watu wanaenda shamba. Nyinyi Wamaasai mnaona ng'ombe hata ndani ya sufuria."

"Na nyinyi mnalima hata juu ya kaburi."

Siku hizo zilikuwa nzuri, na hazikudumu. Nzomo aling'oa mabati na maharagwe, akajenga ghorofa moja, ya pili, ya tatu, ya nne. Akajaza wapangaji. Akaacha kuja kunywa chai, kwa sababu mwenye jengo ana mambo mengi. Halafu akafunga taa.

Mwaka jana, mwezi wa nne ukielekea mwisho, Kuntai alisimama kwenye nguzo ya geti lake kama kila mwaka, akatazama magharibi. Jioni mbili kulikuwa na mawingu. Ya tatu kulitakata, na Inkokua haikuwapo. Ya nne haikuwapo. Ya tano haikuwapo.

"Imekufa," akamwambia Nick. "Shukeni."

Nick akawashusha ng'ombe hadi shamba lao la pili, kule ng'ambo ya mji wa Kajiado, bondeni kando ya mto. Usiku mmoja maji yakaja kutoka juu, kutoka mvua iliyonyesha mbali wasikoisikia. Mchungaji alipona kwa kupanda mgunga. Ndama wote walikwenda, na zaidi ya nusu ya ng'ombe. Wengine walipatikana siku chache baadaye wamenasa kwenye fensi ya mtu, miguu juu.

Nick alirudi na matope mpaka kiunoni. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Papa, ulisema imekufa."

"Nilisema."

"Basi haikuwa imekufa."

Baada ya hapo hakuna jirani aliyekuja kuuliza tena. Walisema macho ya mzee yamekwisha. Soila, mke wa Nick, akampeleka hospitali ya macho, na huko daktari akamsomesha herufi kubwa na ndogo ukutani, akamwambia, "Mzee, haya macho yatabaki duniani wewe ukienda." Kuntai akarudi nyumbani akiwa na hofu zaidi kuliko alivyoondoka. Kama macho ni mazima, ni nini kilichokufa?

Jibu alilipata mwezi wa kwanza mwaka huu, Oltepesi, kwenye njia ya Magadi, alipokwenda kumzika mume wa dada yake Nashipae. Jioni alitoka kwenda haja, akainua uso. Inkokua ilikuwa utosini kwake, na haikuwa sita tu. Kati ya zile sita kulikuwa na nyingine ndogondogo kama vumbi la unga. Wazee walikuwepo, wajane walikuwepo. Ule mkanda mweupe wa mbingu, ambao alikuwa hajauona tangu Nick akiwa shule ya msingi, ulitoka upande hata upande. Hakuwa amegundua kwamba ulipotea. Hilo ndilo lililomchoma: alikuwa ameibiwa polepole kiasi kwamba hakuhisi mkono mfukoni. Aliporudi Kitengela kesho yake, saa ile ile, mbingu ile ile, akahesabu nyota mbili mahali pa Inkokua, na ukungu.

Alisimama chini ya ile mulika mwizi akatukana kwa Kimaasai, matusi ambayo mtu anayetoka matangani hapaswi kuyatamka.

"Unamtukana nani?" Resian aliuliza kutoka jikoni.

"Waliozima nyota."

"Hakuna aliyezima kitu. Wamewasha." Akatoka nje akifuta mikono kwenye kanga. "Wewe ulikuwa unatazama juu, Baba Nick. Mimi nilikuwa nakanyaga nyoka chini. Nilizaa mtoto wa kwanza nikishikiwa kijinga cha moto, na yule mtoto hakuishi. Hiyo taa usinililie mimi."

Lakini hasira haikuondoka. Ilikaa tu mahali pengine, kama mwiba uliovunjika ndani ya kisigino.

Ukafika tena mwezi wa nne, na ng'ombe waliobaki walikuwa mbavu tupu. Boma la Kitengela lilikuwa limeshaliwa hata mizizi. Nje ya fensi palikuwa na ploti za watu na makaratasi ya plastiki. Bondeni majani yalikuwa yanafika magotini. Wakishuka mapema, mto utawachukua kama mwaka jana, na safari hii hautabakisha. Wakikawia, watakufa wamesimama hapa hapa. Nick alikuja Jumapili baada ya kanisa, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akasema wazi.

"Papa, hawa ndio wa mwisho. Wakiisha hawa sinunui wengine. Nitaweka nyumba za kupangisha kama kila mtu. Simu inasema mvua, kesho inasema jua, keshokutwa inasema zote mbili. Wewe uniambie. Lakini safari hii usiniambie haionekani. Niambie umeona."

Hayo ndiyo masharti aliyowekewa na mtoto aliyemzaa. Na lililomuuma zaidi ni kwamba yalikuwa ya haki.

Kesho yake alivaa shuka safi, akachukua fimbo, akaenda kwa Nzomo. Alimkuta kwenye kibaraza cha ghorofa ya chini, akiwa na Kitonga na mpangaji mmoja, Naliaka, muuguzi aliyekuwa amevua viatu akisugua miguu.

"Sopa, Nzomo."

"Ipa, mzee! Karibu. Umepotea kabisa."

"Sijapotea. Niko hapo tu, unanimulika kila siku. Nimekuja kukuomba uzime hiyo taa. Jioni, jua likitua, mpaka giza likamilike. Siku chache tu. Nataka kuona Inkokua."

Kitonga akacheka kupitia puani. "Mzee, mbona usitumie app? Unaelekeza simu hivi, inakuonyesha nyota zote, hata mchana."

"Ikionyesha nyota mchana itanionyesha nini? Kwamba zipo? Zipo, najua. Nataka kujua kama *naziona*. Wewe ukiwa na njaa, huli picha ya chapati."

"Aki mzee wewe uko na mdomo," Naliaka alisema, lakini hakucheka. Akaweka mguu chini. "Sikia, mzee wangu. Mimi natoka kazini hiyo saa. Kabla hiyo taa iwekwe, nilinyang'anywa simu na begi hapo kwa kona yako. Kwa fensi yako. Nilipiga kelele na hakuna mtu alitoka, hata wewe. Sasa unataka tuzime uone nyota?"

Kuntai alimtazama. Alikumbuka kelele ile. Alidhani ni walevi.

"Sikujua ni wewe," alisema.

"Hungeweza kujua. Kulikuwa giza."

Nzomo alikuwa akizungusha kofia mkononi. "Kuntai, rafiki yangu, taa si yangu. Ni ya wapangaji. Wakihama mimi nakula nini?"

"Ulikuwa unakula maharagwe!" Kuntai aligonga fimbo kwenye saruji. "Ulikuwa unakuja kwangu, unakaa chini, unaita Kilimia kwa jina alilolitumia mamako! Sasa umepanda juu, umeweka jicho la chuma, unatazama ng'ombe wangu wakijisaidia. Mamako angesema nini? Angepanda mbegu kwa taa gani, ya Kitonga? Nyinyi mmekuja hapa mkakuta mbingu imejaa, mkaila kama mnavyokula kila kitu, na mifupa hamkubakisha!"

"Na ardhi nani aliniuzia?" Nzomo naye akapaza sauti. "Nilikuja na panga nikakunyang'anya? Ulikuwa unanionyesha mpaka kwa fimbo hiyo hiyo, ukicheka!"

Ni Naliaka aliyewakatiza, akivaa viatu vyake.

"Kesho niko off. Zimeni kesho. Siku moja tu, mzee aone, tupumzike na hizi kelele."

Kesho yake jioni kulitakata vizuri. Habari ilikuwa imeenea, na kwenye roshani za ghorofa watu walijaa, watoto kwa wazazi, wengine na vikombe vya chai, kama wanaongojea fataki. Nick alikuja na gari moja kwa moja kutoka kazini. Kuntai alisimama kwenye nguzo ya geti, uso magharibi. Jua likatua. Wekundu ukapungua. Nzomo akapaza sauti, "Kitonga, zima!"

Mulika mwizi ikazimika kwa mlio mdogo, na boma likawa na rangi yake tena. Kuntai akangoja macho yazoee.

Hayakuwa na cha kuzoea. Pale chini magharibi, ambapo Inkokua huzama, palikuwa na mwanga wa rangi ya machungwa uliosimama ukutani kwa mbingu kama moto wa nyika usiokwisha majani. Ilikuwa mji wa Rongai. Ilikuwa Nkoroi na Kware na taa za mageti yao, na kulia kwake Nairobi nzima, na karibu zaidi vituo vya petroli, na kanisa jipya lenye msalaba wa taa za buluu, na lile shamba la maua linalowashia mimea taa ili isilale. Hata kipande cha wingu kilichosalia kilikuwa na rangi ya kutu. Alitazama mpaka machozi yakamtoka. Alitafuta mkono wa kushoto, wa kulia. Hakuna kitu.

"Umeona, mzee?" mtoto mmoja aliuliza kutoka juu.

"Acha mzee aangalie," mama yake akamkemea.

Kama taa ile ya Nzomo ndiyo ingekuwa adui, Kuntai angeivunja, na angelala usingizi. Mwaka mzima alikuwa amemchukia mtu mmoja na taa moja, na chuki hiyo ilikuwa na ukubwa wa kumtosha mtu. Sasa aliona ni nini hasa alichokuwa akishindana nacho, na hakikuwa na mwenyewe. Hakukuwa na mlango wa kwenda kubisha.

Nzomo alikuja akasimama kando yake. Naye alikuwa akitazama, mdomo wazi kidogo.

"Nilidhani bado ziko," alisema taratibu. "Kwa kweli sijatazama siku nyingi."

"Washa taa yako," Kuntai akamwambia. "Washa! Wewe ni mwizi wa kuku tu. Ng'ombe wameibiwa na wengine."

Akageuka, akaingia kwenye gari la Nick bila kukaribishwa, na fimbo ikagonga paa.

"Nipeleke Oltepesi."

"Saa hii, Papa?"

"Kesho, mapema, tufike kabla jua halijatua. Na usiongee na mimi njiani."

Walikwenda. Nick hakuongea. Kuntai alikuwa na maneno, lakini alikuwa akiyasema na dirisha: kwamba amezaliwa chini ya kitu fulani na sasa anabebwa kwa petroli kwenda kukitazama, kama Mzungu anayekuja kupiga picha simba. Kwamba baba yake alitoka tu nje ya mlango. Waliteremka kwenye miteremko, joto likapanda, nyumba zikapungua, na kwa Nashipae waliwekewa viti nje.

Jua likatua nyuma ya milima ya mbali. Muda kidogo, na pale chini, juu ya mstari wa milima, zikatoka: hafifu, zimesongamana, zote sita.

"Ile pale," Kuntai alisema.

Nick alifuata kidole. Alitafuta muda mrefu.

"Zile? Ni hizo tu?" akauliza. "Ndogo hivyo?"

Mtu mzima, ana watoto, ana ndevu zenye mvi mbili tatu, mtoto wa Kuntai, mjukuu wa wale waliotazama kwa niaba ya uwanda mzima. Na ilikuwa mara yake ya kwanza. Kuntai alitaka kumpiga. Alitaka kumpiga kwa fimbo kama ndama aliyeingia shamba la mtu. Mkono uliinuka nusu, kisha akaona kwamba anayestahili fimbo ni yule aliyekuwa na mtoto huyu nyumbani miaka yote ile, mbingu ikiwa bado ipo, na hakumkalisha nje hata jioni moja, kwa sababu kulikuwa na shule, na kazi ya nyumbani ya shule, na Kiingereza.

"Ndogo hivyo," alisema. "Hatushuki. Masika hayajaisha. Nunua majani makavu, wape, na wakikonda wakonde. Mimi nabaki hapa kwa shangazi yako mpaka izame."

Ilibaki siku kadhaa, kila jioni chini zaidi. Katika siku hizo mvua ilinyesha upande wa Kajiado, na Nick akapiga simu kusema maji yamepita bondeni, yamefika kwenye ile migunga, na yamebeba geti la shamba. Hakusema asante, naye Kuntai hakuingoja. Halafu ikaja jioni safi, bila wingu hata moja, na milima ikawa tupu. Alirudia kutazama kesho yake ili asikosee. Ndipo akapiga simu.

"Imekufa. Shukeni."

"Umeona, Papa?"

"Nimeona kwamba haipo. Shuka, wewe!"

Ng'ombe walishuka, wakala, wakanenepa. Majirani wawili walishusha wao pia. Na Kuntai hakurudi. Wiki ikapita, na nyingine, Nashipae akamtengenezea mahali pa kulala, akatuma watu wamletee koti na dawa zake za presha. Mwishowe Resian akapiga simu, na kwa nyuma yake yule jogoo alikuwa akiwika, na ilikuwa saa mbili usiku.

"Unarudi lini, Baba Nick?"

"Njoo wewe huku."

"Huko kuna nini? Kliniki iko wapi? Maji nitachota wapi, na magoti haya? Nimekuwa mwanamke wa giza miaka arobaini, nimetosheka. Nyumba iko hapa. Mimi niko hapa."

"Siwezi kukaa chini ya hiyo kitu."

"Basi rudi, Nick akupeleke kila mwaka. Amesema atakupeleka. Amesema hata watoto atawabeba waone."

"Kama kwenda kuona mbuga!" Kuntai alipiga kelele hadi mbuzi wa Nashipae wakashtuka. "Nitapelekwa kuona mbingu kama mtoto wa shule, na chupa ya maji na biskuti! Waambie wazime! Waambie Nairobi yote wazime!"

Sauti ya Resian haikuwa tena na ubishi wowote.

"Nitaanza kuwaambia kutoka mlango gani, mume wangu?"

Kuntai alishika simu sikioni muda mrefu baada ya mkewe kukata. Nashipae alimwita ale, akasema hana njaa. Wiki ileile alimwagiza Nick amletee ng'ombe wanne, wale wa uzao wa ng'ombe wake wa ujanani, na wengine wawe wa Nick na Soila wafanye wapendavyo. Nick aliwaleta kwa lori, kwa kuwa njia ya kuwaswaga kwa miguu haipo tena; ni fensi tupu kutoka Kajiado mpaka huku. Kuntai aliwashusha mwenyewe, mmoja mmoja, akiwasukuma kwa bega, na dereva alipomwachia taa za lori ziwake ili aone vizuri, alimfokea azizime.